Chapati Pinki za Biryogo

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Siku ya kihistoria, ingawa wenzangu bado hawajajua.

Bosi wetu Mukeshimana ametupanga asubuhi mbele ya ambulansi, madereva na wauguzi. Ametangaza kwamba Oktoba ni mwezi wa saratani ya matiti na kituo chetu hakitakaa kimya. Tutashirikiana na wazima moto, ambao nao walikuwepo. Kila upande uchangishe pesa za kuwapeleka kina mama wa mitaa yetu ya Biryogo, Gitega na Rwezamenyo kupigwa picha ya matiti bila kulipa. Tena tuwahimize wajitokeze, maana wengi wanaogopa, na anayeogopa huja akiwa amechelewa. Vizuri. Nilisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema atakayewaleta watu wengi zaidi atawekwa kwenye bango la kampeni, barabarani, uso mkubwa kama mlango wa gereji.

Bango!

Alichosema baada ya hapo sikukisikia.

Mimi Ilyasi, mtoto wa Biryogo, dereva wa ambulansi wa siku nyingi, nina uso wa bango. Marehemu bibi yangu alilisema hilo nikiwa bado natambaa. Kikwazo ni kimoja tu, na jina lake ni Gakwaya. Gakwaya ni mzima moto. Mrefu. Meno meupe. Anaimba kwaya. Akishika mpira wa maji, wasichana wa Gitega wanatamani nyumba zao zishike moto. Akainua mkono na kusema ana wazo. Nami nikainua wangu, juu zaidi. Bosi akaniuliza wazo langu ni lipi. Nikasema ni siri. Muuguzi Gahongayire, ambaye tunapanda naye gari moja kila zamu, akanong'ona kwamba tumwombe Mungu ibaki hivyo hivyo siri.

Wivu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango wa kwanza. Makoti ya zamu yetu ni meupe. Yakiwa pinki, kila tunapopita watu watauliza kulikoni, nasi tutawaeleza habari za saratani. Rahisi! Nimeyakusanya yote nikidai nayapeleka kwa dobi. Nimeyaloweka nyumbani pamoja na kitenge chekundu cha mke wangu, Shimwa. Shimwa ni fundi cherehani. Kitenge kilikuwa cha mteja. Hilo sikulijua.

Makoti hayakutoka pinki. Yametoka na mabaka mekundu, makubwa kifuani, madogo madogo mikononi. Kwa mbali ni kama tumetoka kuchinja ng'ombe.

Hapakuwa na mengine ya kuvaa. Saa nne tukaitwa Nyabugogo, dereva wa pikipiki kaanguka, mguu umevimba. Amelala pale anaugulia. Tukashuka na machela, mimi na Gahongayire, tukitabasamu. Yule bwana akatutazama. Akapiga kelele kwamba hawa wametoka kumuua mwingine! Akasimama kwa mguu mmoja, akakimbia. Sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Tulimfukuza hadi kwenye magunia ya viazi, Gahongayire akimbembeleza kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Bosi amesema gharama ya makoti itatoka kwangu. Shimwa amesema ya kitenge pia. Nalala njaa. Wakubwa wote walianza hivi.

Jumapili, 12 Oktoba

Wazo la Gakwaya limejulikana. Anaosha magari kwa gari la zimamoto! Povu la pinki! Na kuimba! Foleni imetoka kituoni kwao hadi barabarani, kila mwenye gari anachangia, na akisubiri anaelezwa jinsi ya kumshauri mkewe, mama yake, dada yake aende kupimwa.

Nilikwenda kupeleleza. Kofia, miwani ya jua. Nikatembea kando ya foleni nikiwanong'oneza watu kwamba nasikia povu lile linabandua rangi ya gari. Wawili wakaanza kugeuza magari. Kazi safi! Ghafla nikabebwa juu na mikono miwili. Gakwaya. Akanikumbatia, akatangaza kwa sauti ya kwaya, "Jamani, ndugu yetu Ilyasi wa ambulansi amekuja kutusaidia!" Watu wakapiga makofi. Nikapewa sifongo.

Nimeosha magari hadi adhuhuri. Picha yangu nikisugua tairi imesambaa kwenye simu za kituo kizima. Bosi ameandika chini yake kwamba huo ndio moyo wa ushirikiano. Mgongo hauinuki.

Jumanne, 14 Oktoba

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, Rwezamenyo. Namwita Mabukwe, kama tunavyowaita hapa. Jina lake Mukasine, mjane, ana ulimi mkali kuliko wembe. Mimi ananiita Iriyasi, na kila akilitamka jina hilo huonekana kama ameuma limau. Leo ameniuliza kama ni kweli ninachinja wagonjwa. Nikasema ni fitina za watu.

Ajabu moja. Kwa kawaida humkumbatia Shimwa hadi mtu anakosa pumzi. Leo alimpa mkono tu, tena wa kulia, wa kushoto ameubana ubavuni. Nadhani ni hasira za kitenge.

Halafu akaleta saladi ya bitiruti. Kipande kikaniangukia kwenye shati. Shimwa akasugua kwa sabuni, kwa chumvi, kwa ndimu. Doa halikutoka. Lilikuwa pinki. Pinki tamu, pinki ya kweli, pinki ya bango!

Niliruka kutoka kwenye kiti. Mabukwe akauliza, "Iriyasi, umekaa kwenye sindano?"

Nikaenda mbio Biryogo kwa Shami, mpika chapati ambaye hata watu wa Kimironko, upande wa pili wa mji, hupanda pikipiki kuja kula kwake. Nikamweleza. Tunasaga bitiruti, tunakanda unga kwa maji yake, tunapata chapati pinki. Jumapili hii ni siku isiyo na magari, mji mzima utakuwa barabarani unakimbia mazoezi. Wakimaliza wana njaa. Pesa zote kwenye kampeni, na kila chapati inakuja na maneno mawili matatu ya kupimwa. Shami akakaanga moja ya majaribio, akaigeuza, akaicheka.

"Hii chapati iko na aibu, Ilyasi. Ona vile inaona haya."

Lakini alionja, akaonja tena, kisha akakubali. Akauliza tutatia bitiruti kiasi gani. Nikasema nyingi. Akasema kidogo inatosha. Nikasema Gakwaya hakutia povu kidogo.

Jumapili, 19 Oktoba

USHINDI!

Sina maneno. Nitajaribu.

Tulipanga meza tangu alfajiri. Wakimbiaji walipoanza kurudi, wamelowa jasho, wakaona mlima wa chapati pinki. Walisimama kama magari mbele ya taa nyekundu. Watoto wakalilia. Wazee waliotoka msikitini wakasema mambo ya dunia haya, kisha wakaagiza na chai. Gahongayire alikuja akiwa amenuna, akala mbili akiwa bado amenuna, halafu akasimama pembeni akiwaonyesha kina mama kwenye mwanasesere wa plastiki jinsi ya kujipapasa. Akawaambia kituo cha afya kiko wazi kesho, waende. Walicheka, wakaziba nyuso kwa mitandio, wakasema tutakwenda, tutakwenda. Kwa sauti ile ya mtu asiyekwenda.

Mabukwe alikuja pia. Alisema amekuja kuangalia aibu ya familia. Akala moja. Akala nyingine. Akafungasha za jioni kwenye mfuko, akiniambia chumvi haitoshi.

Hata Gakwaya! Amekula nne, akalamba vidole, akasema mbele ya bosi kwamba mwaka huu ambulansi tumewashinda wazima moto. Bosi akanitazama, kisha akainamisha kichwa upande kama mpiga picha anayetafuta upande mzuri wa uso.

Nimefika nyumbani nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Uso wa huruma. Uso wa ushujaa. Uso wa huruma na ushujaa kwa pamoja. Shimwa aliniuliza kama tumbo linaniuma.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sijavua hata koti la zamu.

Simu ya kwanza iliingia alfajiri, Gitega. Mwanamume amekojoa damu. Tukaenda na king'ora. Tumekuta amelala mkekani, mkewe anasoma dua, majirani wamejaa. Gahongayire akampima shinikizo la damu, safi. Homa hana. Maumivu hana. Simu ya pili, Biryogo, mwalimu wa michezo, damu chooni. Simu ya tatu, mke na mume kwa pamoja, wameshaagana. Redio ikaanza kuita bila kupumzika. Mtu mmoja alidai mji umetiliwa sumu.

Kwenye nyumba ya nne, tulipokwisha kumpakia mgonjwa garini, Gahongayire alimuuliza taratibu, "Jana ulikula nini, mzee wangu?"

"Chapati tu, muganga. Zile za pinki."

Gahongayire akageuka akanitazama. Mimi nikatazama usukani. Usukani ni kitu kizuri sana kukitazama. Kisha akaitazama mikono yangu juu ya usukani. Vidole vilikuwa bado pinki.

Kumbe bitiruti ndivyo ilivyo! Inaingia nyekundu, inatoka nyekundu. Si kwa kila mtu, lakini kwa wengi wa kutosha. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Gahongayire amesema aliniambia jana mara mbili, nikamjibu kwamba ana wivu. Sikumbuki.

Bosi akaagiza kwenye redio kwamba wote wenye hofu waelekezwe kituo cha afya wakatulizwe. Tulipofika nao, ua ulikuwa umejaa. Kina mama, kina baba, wakimbiaji na raba zao miguuni. Gakwaya alikuwa kwenye benchi, kijivu kama majivu, amemshika mkono mtu asiyemjua. Nilimweleza ni bitiruti. Alicheka hadi akalia. Kisha akafuta macho, akasimama juu ya benchi, akawaelezea watu wote kwa sauti yake ile ya kwaya. Ua mzima ukanitafuta mimi. Nikajificha nyuma ya machela.

Hapo ndipo Gahongayire alipofanya lake. Alisimama mlangoni, akawaambia kina mama wasiondoke. Mmeshafika. Mmeshaogopa. Hofu ya leo mmekwisha kuilipia, ingieni mpimwe na matiti tuimalize yote mara moja. Wakatazamana. Mmoja akasema kweli, aibu gani tena imebaki baada ya hii? Wakapanga foleni. Foleni ikazunguka ua, ikatoka getini.

Redio ikaita tena. Rwezamenyo. Nyumba yenye geti la bluu. Ninalijua geti hilo. Nimelipaka rangi mwenyewe, vibaya.

Mabukwe alikuwa amekaa kitandani, amevaa nguo zake za harusini. Aliposikia sauti yangu akasema alimwambia mtu wa simu wamlete dereva yeyote ila huyu. Gahongayire akaketi karibu yake, akamweleza habari za bitiruti. Nilitegemea kutukanwa. Hakunitukana. Aliubana tu mkono wake wa kushoto. Gahongayire, ambaye ana masikio ya kusikia hata kimya, akamuuliza kama kuna lingine.

"Lipo," akasema Mabukwe. "Lakini hilo si la chapati."

Nikaambiwa nitoke. Nilisimama uani kando ya kuku. Dirisha lilikuwa wazi. Alisema ana uvimbe, upande wa kushoto, tangu Pasaka. Hakumwambia mtu. Alidhani ukiachwa peke yake utachoka uende zake. Leo alipoona wekundu alijua umeshafika kila mahali, ndiyo maana amevaa nguo za harusi, asiwape watu kazi ya kumbadilisha.

Nilimwendesha mwenyewe. Bila king'ora. Kila shimo nililijua, kila shimo nikalikwepa.

"Iriyasi," akasema kutoka nyuma.

"Naam, Mama."

"Kumbe unajua kuendesha."

Jumatano, 22 Oktoba

Hospitali kuu. Wamempiga picha, wamechukua kinyama kwa sindano wakapime. Tusubiri. Shimwa analia jikoni akidhani simsikii. Nimejaribu kumchekesha kwa uso wa ushujaa. Ameniambia niache. Nimeacha. Nimemenya viazi vyote vilivyokuwemo ndani, hata vya wiki ijayo.

Jioni amekuja Gakwaya na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya Mabukwe. Sikutaka kumkaribisha. Nikamkaribisha. Alikaa, akakunja miguu yake mirefu chini ya meza yetu ndogo. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa na ugonjwa huo huo. Akauficha. "Alificha hadi siku ambayo nguo haikufunika tena," akasema. Mama huyo alizikwa, Gakwaya akiwa bado mwanafunzi. Ndiyo maana kila Oktoba yuko mbele, hata kusingekuwa na bango.

Nilimmiminia chai. Nilimtilia sukari mara mbili kwa kusahau, akainywa yote.

Ni mtu mzuri. Inaudhi sana.

Alhamisi, 30 Oktoba

Majibu!

Ni saratani. Daktari alilitamka neno hilo, na Shimwa akanishika mkono hadi mifupa ikalia. Lakini ni ndogo. Haijatoka mahali pake, kwapani hamna kitu. Atafanyiwa upasuaji wiki ijayo, kisha dawa, na daktari ana matumaini makubwa. Amesema angengoja hadi Krismasi tungekuwa tunazungumza mazungumzo mengine. Akauliza ni nini kilichomleta mapema. Mabukwe akaninyooshea kidole.

"Huyu mkwe wangu alinitia sumu."

Daktari akaacha kuandika. Imechukua muda kumweleza.

Bosi ameniita baadaye. Nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa. Alisema siku ile ya Jumatatu wamepimwa kina mama wengi kuliko miezi yote ya mwaka huu ikijumlishwa. Wengine wawili wamepatikana na uvimbe na wameanza kutibiwa. Alisema pia kwamba nimechosha ambulansi zote, nimetisha mitaa mitatu, na nisipike tena kitu chochote chenye rangi. Nikauliza kuhusu bango. Akasema bango limepata mtu.

Gakwaya, nikajua. Nikasema anastahili, na nusu yangu ilimaanisha hivyo.

Si Gakwaya. Gakwaya alikwenda kwa bosi mwenyewe akapendekeza jina lingine. Ni Mabukwe!

Jumatatu, 10 Novemba

Upasuaji umekwenda salama. Mabukwe yuko nyumbani, ameketi juu ya mito, anaamuru. Ameanza kumkumbatia Shimwa kwa mkono mmoja, akisema wa pili unakuja. Mimi pia amenikumbatia. Kidogo. Kisha akasema nanuka petroli.

Na bango limesimama! Tulimpeleka kulitazama, polepole, mimi kwenye usukani, Gahongayire nyuma. Yupo pale juu, mkubwa, kitambaa chake kichwani, jicho kali linalokufuata hadi ukate kona. Maneno ameyachagua mwenyewe na alikataa kubadilisha hata moja: NENDA UKAPIMWE. USINGOJE CHAPATI. Wapita njia wa mbali hawaelewi. Watu wa Biryogo wanacheka, kisha wanakwenda. Shami amesema wateja wamezidi, wote wanauliza iko wapi ile chapati yenye aibu.

Ukitazama vizuri, chini kushoto, kuna kiwiko. Ni changu. Nilikuwa nimeshika mto wake wakati wa kupigwa picha. Nimewaonyesha watu wengi kiwiko hicho.

Tukiwa tunarudi, Gahongayire ameniuliza, kwa upole usio wa kawaida yake, kama nimejifunza chochote mwezi uliopita. Nimemwambia nimejifunza mengi. Kwanza, rangi ni hatari. Sitatia rangi tena kwenye chakula cha watu, kamwe, naapa. Pili, nimejifunza kwamba watu wakila, wanasikiliza. Hiyo ndiyo siri yote!

Sasa Novemba ni mwezi wa kisukari. Ijumaa hii ni siku yake, dunia nzima. Bosi hajatangaza bango lakini hajakataza. Gakwaya anapanga mbio za kilomita kumi, na nani atakimbia kwenye jua lile? Mimi nimeshazungumza na Shami. Mandazi. Makubwa kama kofia, yamekaangwa yakaiva, kisha yakachovywa kwenye asali, kisha yakavingirishwa kwenye sukari. Rangi hamna hata tone. Gunia la sukari limefika leo, liko chini ya kitanda, Shimwa hajaliona.

Mwenye kisukari akija na cheti chake, la pili anapewa bure.